Televisheni Iliyofunikwa Kitambaa

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliishi peke yake. Tangu mumewe afariki, nyumbani alizungumza na sufuria tu. Televisheni ya marehemu ilikaa mezani, imefunikwa kitambaa. Hakuiwasha. Kuitazama peke yake kulimuuma.

Furaha yake ilikuwa darasa la saa kumi. Lakini kati ya wanafunzi kumi na wawili, sasa walibaki watano. Wakipungua tena, darasa litafungwa. Mwalimu alidhani ni uvivu. Akazidi kupaza sauti, kana kwamba macho husikia.

Siku moja alikutana na bibi mshonaji, aliyezoea kukaa nyuma darasani.

"Bibi, mbona umetukimbia?"

"Sijakimbia, mwanangu. Maandishi yako ubaoni nayaona kama sisimizi. Niliona aibu kusema."

Mwalimu alihuzunika. Akaenda kwa jirani yake, fundi wa redio, rafiki wa marehemu.

"Wanafunzi hawaoni ubao, nami sina projekta ya kukuza maandishi," alimwambia.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Na televisheni?"

Mwalimu alikwenda nyumbani, akaondoa kitambaa.

Kesho yake, darasani, fundi aliunganisha simu na televisheni kwa waya uliokuwa dukani kwake. Aliweka kigoda cha mbao juu ya meza. Akailaza simu juu ya kigoda, kamera ikichungulia chini kati ya mbao mbili. Chini ya kigoda akaweka karatasi.

"Washa kamera, kisha andika hapa. Utakachoandika kitaonekana kikubwa kwenye kioo. Meza ikae karibu na dirisha, upate mwanga. Lakini kioo cha televisheni kisielekee dirishani. Kitang'aa, wasione kitu."

"Kumbe vyote nilikuwa navyo."

"Isipokuwa waya, shemeji. Huo ni wangu."

Bibi alipopata habari alirudi, akakaa nyuma kama kawaida. Alisoma kila neno. Kisha akaenda mbele, akaandika jina lake polepole chini ya kigoda. Likatokea kwenye kioo, kubwa. Darasa zima likalisoma. Baada ya mwezi, wanafunzi walikuwa kumi na wawili tena.

Lakini siku ile ya kwanza, wakati wa kutoka, bibi alimsubiri mwalimu mlangoni.

"Televisheni umetupatia sisi. Wewe nyumbani utakaa na nani?"

"Nimezoea, bibi."

"Upweke hauzoeleki. Leo nitakuja na daftari langu, nikusomee."

Jioni hiyo mwalimu alipika chai ya watu wawili. Sufuria hakuna aliyeisemesha.