Filamu ya Mwaija

Yalianza Alhamisi, Machi 14, 1974, saa kumi na moja jioni, pale Manundu. Rafiki yangu Hajira alikuwa akifunga studio ya mjomba wake alipoingia Bonaventura, mpiga picha wa magazeti, na filamu mkononi.

"Nimempata Mwaija kupitia dirishani," alisema akicheka. "Yumo edani, hana hata mtandio."

Mwaija, mwimbaji aliyejulikana nchi nzima, alikuwa amefiwa na mumewe.

"Kaka Bona, mwenye eda haonwi ovyo na wanaume, sembuse gazetini."

"Wewe safisha, dada. Au nimwambie mjomba wako unafukuza wateja?"

Hajira akaingia chumba cha giza. Alipokuwa akiitikisa filamu kwenye dawa, alisikia kamera ikilia, ka, nyuma ya shingo yake. Kisha tena, karibu zaidi. Alipapasa kuta zote, asiguse mtu. Bonaventura alikuwa ameshaondoka na kamera yake.

Asubuhi Bonaventura alikuwa tayari mlangoni, anapiga hodi. Hajira hakumfungulia, aliinua kwanza filamu kwenye mwanga wa dirisha. Mwaija hakuwemo. Kila picha ilimwonyesha Bonaventura amelala chali, shuka mpaka kidevuni, na kwa kuwa kwenye filamu cheupe hutoka cheusi, pamba zilizoziba pua yake zilikuwa nyeusi tii.