Aliyejibu Badala ya Bi Maswali

Mgonjwa alijibu kabla hajaulizwa.

"Leo Jumanne, tuko hospitali, na wewe ni dada yangu," alisema, hata hajakaa vizuri kitini. Bi Maswali ndiyo kwanza alikuwa anafungua kinywa amuulize siku, mahali, na kama anamtambua aliye mbele yake. Alicheka kidogo. Huyu mdogo wake alikuwa na kiherehere tangu utotoni. Pengine aliwasikia wenzake wakihojiwa.

Wauguzi wenzake walimpa jina la Bi Maswali kwa sababu hakuruka swali hata mgonjwa akimtukana. Unalala? Unakula? Unasikia sauti wasizozisikia wengine? Zinakuamuru ujidhuru? Kazi yake ilikuwa kuzipima akili za watu kwa maneno, na kazi aliijua. Ila kazi hiyo ina miiko yake, na siku ile, jamani, aliivunja mchana kweupe. Humpimi ndugu yako. Na mgonjwa akikwambia anasikia sauti, unaongea na mgonjwa, huongei na sauti.

Mwiko wa kwanza aliuvunja kwa upendo, na kwa kiburi pia, tusifichane. Mama yao alikuwa amemzungusha yule binti kwa waganga mpaka akachoka, na Bi Maswali akawa anawakejeli kwenye simu. Sasa alitaka kuwaonyesha. Akimkuta ana nafuu, atamruhusu arudi nyumbani. La sivyo ni wodi ya kufungiwa, na huko mdogo wake angeozea.

"Unasikia sauti?"

"Namsikia." Mdogo wake alinong'ona. "Dada, usiendelee. Anapenda kuulizwa."

"Nani?"

"Huyo aliyesimama nyuma ya kiti chako."

Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mama yao, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijishika kifua.

"Mwanangu, nakuomba, usimsemeshe. Tulionywa."

"Mama, nawe! Ndiyo maana mtoto haponi!"

Hasira zilimpanda. Akageuka, akautazama ukuta mtupu, akasema kwa sauti ile ile ya kazini, "Haya, kama upo, unamtesea nini mtoto wa watu? Mwache. Njoo uongee na mimi."

Feni ya juu ikasimama, na katika ule ukimya akasikia mtu anavuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyesubiri kukaribishwa kwa muda mrefu, pumzi ikamfikia kisogoni, ikapita shingoni, ikaingia kinywani mwake na ile harufu ya nywele, ikashuka, ikatulia chini ya ulimi kama kitu kilichofika nyumbani kwake, na alipotaka kupiga kelele akakuta ulimi si wake tena.

"Amenyamaza!" Mdogo wake aliangua kilio cha furaha. "Mama, simsikii tena!"

"Mgonjwa ana nafuu," kinywa cha Bi Maswali kikasema. "Mpeleke nyumbani."

Mdogo wake akamtazama usoni, furaha ikamkauka. "Mama, amehamia kwa dada."

Mama naye alitazama. Alielewa, wala usiseme hakuelewa. Akamshika binti yake mdogo mkono na kumvuta nje. "Twende, mwanangu. Twende kabla hajakurudia." Hakugeuka nyuma. Bi Maswali alimwita mama yake kwa nguvu zake zote, na midomo yake haikutikisika.

Kesho yake msimamizi wa wodi alimwita ofisini.

"Mdogo wako amepiga simu, analia, anasema hauko sawa. Samahani, mwenzangu, itabidi nikuulize."

Moyo wa Bi Maswali ulirukaruka. Niulize! Usiruke hata moja!

"Unalala?"

"Vizuri tu, namshukuru Mungu."

"Unasikia sauti wasizozisikia wengine?"

Ndiyo, alijaribu kusema, ndiyo, ndiyo, akaukaza ulimi huo mpaka machozi yakamlenga, na hata hayo machozi yule wa ndani akayapangusa kwa kiganja chake, akacheka kile kicheko cha Bi Maswali cha siku zote ambacho wodi nzima ilikijua, akasema, "Sauti ninayoisikia ni ya mdogo wangu tu, kutwa kunisumbua kwenye simu. Bado hajapona vizuri, maskini."

Msimamizi naye akacheka. "Wangekuwa wote kama wewe, hospitali tungeifunga. Haya, rudi kazini. Kuna mama mmoja ameletwa."

Yule mama alikuwa amekaa ametulia, mikono mapajani. Bi Maswali alipovuta kiti, mama akaruka, mgongo ukagonga ukuta.

"Kuna mtu humo ndani yake! Dada wa watu yumo, analia, hamumsikii? Mtoeni!"

Niko hapa! Bi Maswali alilia huko alikofungiwa. Mama, niko hapa, usiache kusema!

Kinywa chake kikatabasamu, kikamgeukia msaidizi wa zamu.

"Anasikia sauti, maskini. Mchome sindano, alale."