Kwa Nini Watoto Wanageuka Nyuma?

Stela anasomea ualimu. Alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Ulyankulu. Kila asubuhi alimwamkia Mwalimu Dafrosa, mwalimu wake mlezi, kisha wakaingia darasa la tatu.

Jambo moja lilimshangaza. Kila alipouliza swali, watoto waligeuka nyuma, alikokaa Mwalimu Dafrosa, ndipo wakajibu. Kwa nini?

Siku moja alifundisha nusu kwa kukata kiazi kitamu. Mkono ukateleza, kipande kimoja kikawa kikubwa. Mwalimu Dafrosa akainuka, akachukua kisu mkononi mwa Stela, akakata kiazi kingine sawasawa. Watoto wakacheka. Stela aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke.

Kuanzia hapo akanuna. Salamu alitoa, neno jingine hakuna. Dafrosa akawaambia walimu wenzake kuwa huyu binti ana kiburi, ripoti nzuri ya mazoezi asahau. Na bila ripoti nzuri Stela asingehitimu.

Mwalimu Kasimiri, mwalimu wa taaluma, alipopata habari akawaita wote wawili. Stela aliogopa kumlaumu mkubwa wake mbele ya macho yake. Akauliza lile swali lake tu.

"Samahani, mwalimu. Kwa nini watoto wanakutazama wewe kabla ya kunijibu?"

"Labda ni kichwa changu," alisema Dafrosa. "Wakipata, naitikia. Wakikosea, natikisa. Sikujua kama wananitazama."

"Na wewe Stela," alisema Kasimiri, "ukinuna, mwenzako atajuaje kosa lake?"

Akawaelekeza. Kabla ya kipindi wapitie andalio la somo pamoja. Darasani mlezi aandike tu daftarini. Baada ya kipindi wazungumze wao wawili, na Stela aanze.

Jumatatu Dafrosa aliinamia daftari lake. Stela akakata kiazi. Akakosea tena, maskini.

"Mwalimu, hizo siyo nusu," alisema mtoto mmoja, Ngassa. Hakugeuka nyuma.

"Umejuaje?" Stela akauliza.

Ngassa akaja mbele, akapanga vipande viwili pamoja, akaonyesha kilichozidi. Darasa zima likasogea kutazama.

Baada ya kipindi Stela alianza kwa kukiri kosa lake. Dafrosa akamwambia kosa ameliona, lakini lile swali la "umejuaje" yeye hakuwahi kuliuliza miaka yote.

Ripoti ilitoka nzuri, na Stela amerudi chuoni. Na Mwalimu Dafrosa, akifundisha nusu siku hizi, hukata kiazi vibaya makusudi, kisha husubiri.