Nusu Mzunguko

Kila siku akitoka shule, Nati alivua sare na kuitundika, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akakimbilia gereji ya mama yake iliyokuwa upande wa pili wa ua. Huko alipanga spana kwa namba, akafagia, na kumulika tochi mama alipoingia chini ya gari. Jina la Nati alipewa na mjomba wake. Alisema mtoto huyu ni mfupi, mgumu, na ukimpoteza dakika moja utamkuta amebingirika chini ya gari. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na ndiye fundi wa pili pale gereji. Alimfundisha Nati kutambua injini mbovu kwa kuisikiliza tu, na alimtetea kila aliporudi na grisi kwenye sketi. Siri zote za Nati zilikuwa kwa mjomba.

Muhula ule kazi kubwa ilikuwa pikapu ya Mama Miche, bibi aliyeuza miche ya miti na maua. Ilikuwa pikapu ya samawati, kongwe kuliko mjomba mwenyewe, yenye taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuka. Mama aliifungia breki mpya mbele. Mjomba akapewa kazi ya breki za nyuma. Katikati mama aliweka vali ndogo ya shaba ya kugawa mafuta ya breki, yenye kitasa cha kuzungusha.

"Ukikanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele," alimweleza Nati. "Nyuma panabaki pepesi, hasa pikapu ikiwa tupu. Breki ya nyuma ikizidi nguvu, magurudumu yanagoma kuzunguka na gari linageuka mkia mbele. Kitasa hiki ndicho kinachogawa. Ukizungusha kulia, nyuma inaongezewa. Kushoto, inapunguziwa. Nimeshakipima kulingana na breki nilizoagiza, kwa hiyo mtu asikiguse."

Nati aliyaandika yote kwenye daftari lake, hata hilo la kutogusa. Lakini kesho yake, mama akiwa nje na mteja, vidole vilimwasha. Alikizungusha nusu mzunguko, aone tu kama kinazunguka. Kilikwenda laini kabisa. Aliposikia viatu vya mama, akashika ufagio.

Jumamosi asubuhi walikwenda kuijaribu pikapu kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Nati na mjomba walisimama pembeni. Mama alishika mwendo, akakanyaga breki, na papo hapo mkia ukachomoka. Pikapu ilizunguka kama pia, vumbi likatanda, kisha ukasikika mshindo. Ilikuwa imejipigiza kwenye rundo la matairi chakavu. Mama alishuka ameshika paji la uso, damu ikimchuruzika katikati ya vidole.

Kwenye zahanati alishonwa nyuzi nne. Nati alikaa kwenye benchi la nje hadi mjomba alipokuja kukaa naye.

"Mjomba, ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikigusa kile kitasa."

"Ulikizungusha kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Mjomba alitoa tambara mfukoni akafuta mikono, ingawa ilikuwa safi. "Sawa," alisema hatimaye. "Usimwambie mama yako. Ana maumivu, tusimwongezee. Hili litabaki kati yako na mimi." Alimnyooshea kidole kidogo kama ishara ya ahadi, Nati naye akakifunganisha na chake. Mzigo wote ukamshuka.

Mchana ule ule walikaa mezani, mama akiwa na bandeji kichwani. "Kile kitasa nilikipima mwenyewe," alisema. "Nataka kujua kilichotokea."

Mjomba alikohoa. "Dada, sikutaka kumsemea mtoto. Lakini Nati alichezea kitasa cha vali. Ameniambia mwenyewe. Nimeshakirudisha mahali pake."

Nati alimkodolea macho mjomba. Mjomba aliangalia sahani yake.

"Ni kweli?" mama aliuliza.

"Ni kweli, mama, lakini..."

"Hakuna lakini! Ningekufa leo. Gereji usikanyage tena mpaka nitakapokuambia."

Siku nne Nati hakukanyaga gereji. Kutoka dirishani alimwona mjomba akipiga mluzi na kutaniana na wateja kana kwamba hakuna kilichotokea. Adhabu aliikubali, maana kitasa alikigusa kweli. Kilichomchoma ni kile kidole kidogo. Kila alipokumbuka alijifuta mkono kwenye sketi, kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Mjomba alipomletea pipi aliiacha juu ya meza hadi sisimizi wakaimaliza.

Siku ya tano, akitafuta ukurasa mtupu wa kufanyia hesabu, alikutana na maandishi yake mwenyewe. Kulia, nyuma inaongezewa. Kushoto, inapunguziwa.

Alisoma tena. Yeye alizungusha kushoto. Basi aliipunguzia nyuma nguvu! Ingewezekanaje nyuma ikazidi? Hapo ndipo alipokumbuka swali la mjomba na lile tambara. Mjomba alikuwa fundi. Alijua tangu pale kwenye benchi kwamba kosa halikuwa la Nati, na bado alimwangushia jumba bovu.

Alilia kwanza. Kisha alinawa uso, akachukua daftari, akaenda kusimama mlangoni pa gereji bila kuvuka kizingiti.

"Mama, nilikigusa na nilikosa," alisema. "Lakini nilizungusha kushoto."

Mama aliinua kichwa. Mjomba, aliyekuwa akilegeza boliti, aliacha.

"Kushoto? Una uhakika?"

"Mjomba aliniuliza, nikamwambia."

Mama alipiga jeki pikapu, akavua gurudumu la nyuma, akafungua breki. Alichomoa silinda ndogo iliyokuwa ndani, ile inayosukuma breki mafuta yakija, akaipima. Akapima tena.

"Hii ni kubwa kuliko niliyokuagiza," alimwambia mdogo wake. "Inasukuma kwa nguvu kupita kiasi."

"Dukani zile ndogo hazikuwepo, dada," mjomba alisema, sauti ikimkauka. "Zingechukua wiki mbili. Mama Miche alikuwa anatusukuma, nikaona vali itasawazisha. Gari lilipozunguka nikaogopa."

"Ukaogopa, ukamtanguliza mtoto."

Mjomba alipokuwa akimwambia Mama Miche ukweli wote kwa kinywa chake, mama alisimama kando akihakikisha hakuna kilichorukwa. Silinda sahihi ziliagizwa. Wiki mbili baadaye walirudi kiwanjani, mjomba akaendesha, kwanza pikapu ikiwa tupu, kisha ikiwa na magunia ya udongo. Mara zote mbili ilisimama imenyooka, ikaacha michirizi miwili ya matairi iliyonyooka vumbini.

Mjomba alimfuata Nati. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuuza."

Nati aliitikia kwa kichwa, lakini mkono aliomnyooshea mjomba hakuupokea. Baadaye alimwuliza mama, "Lazima nimsamehe leo?"

"Si lazima leo," mama alisema, akimvuta karibu. "Imani aliivunja yeye, ataijenga yeye. Na mimi nisamehe, nilikufokea kabla ya kuchunguza. Lakini sikiliza, maana na wewe una lako. Ulipokosa, ulipeleka kosa kwa mtu wa kukufichia, badala ya kuniletea mimi niliyeumia. Ungeniambia siku ile ile kwamba ni nusu mzunguko kushoto, mjomba wako asingepata pa kujificha. Ukikosa, nenda kwa uliyemkosea, useme kosa lako lote, bila kupunguza na bila kuongeza. Hapo hakuna atakayeweza kukubebesha la mwingine."

Kisha akamkabidhi tochi, wakaingia wote gerejini.