Marehemu Aliyekunywa Uji

Siku ile ya soko Mbinga baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye kucha. Asteria alikuwa amevaa sweta la kijani juu ya kitenge cha njano, mwanawe Eliza amelala mgongoni, ungo wa usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, uko mbele yake. Alipoinua macho akamwona kijana mwenye raba nyeupe amechuchumaa anaupiga picha ungo huo, bila hata salamu.

"Kaka, samaki wangu hawaposwi kwa picha," akamwambia.

Kijana akacheka. Jina lake Sixbert, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kitura, na alikuwa na chumba kidogo karibu na stendi alimowatengenezea watu tovuti za biashara. Alimweleza kwamba usipa wake ni mzuri ila anaujua mpita njia tu. Auweke mtandaoni: picha ya ungo wake mwenyewe, si ya kuazima, bei ionekane, maana mteja akilazimika kuuliza bei huwa ameshaondoka, namba ya simu ikae juu kabisa.

"Na kila anayepiga," akasema, "mpokee kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Karibu sana, tukusaidie nini? Hata kama jana alikutukana."

Asteria, aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku mimba ikimlemea, alimpenda mtu anayefundisha bila kudharau. Kabla mwezi haujaisha Sixbert alikuwa anambeba Eliza mabegani sokoni bila kujali raba zake kuingia tope, na simu zao zilikuwa hivi:

"Hapo ni kwa usipa wa Liuli? Nataka kilo moja, na muuzaji wake."

"Karibu sana, tukusaidie nini? Muuzaji hapimwi kwa kilo."

"Basi nifungie mzima mzima."

"Utambebea wapi, wewe Mmatengo wa milimani unayeogopa hata maji ya beseni?"

Tovuti ilikuwa nzuri, lakini wateja walikuja mmoja mmoja, kama matone ya bomba bovu. Sixbert akawaza kwamba kuna kitu kimekosekana. Mtu wa mbali, alisema, hanunui samaki tu, hununua na habari za anayemuuza. Siku moja, peke yake chumbani mwake, akaongeza maneno machache chini ya picha: baba wa muuzaji huyu alichukuliwa na Ziwa Nyasa, naye anauza usipa ili amlee mwanawe.

Simu zikaanza. Songea, Njombe, hata Dodoma.

Asteria aliyasoma maneno hayo siku ya tatu. Baba yake, Mzee Raimundi, alikuwa kwao Liuli, ufukweni mwa ziwa, mzima wa afya, na usipa wenyewe ndiye aliyeuvua, yeye na wenzake wanne wa mtumbwi mmoja. Akampigia Sixbert, akamfokea mpaka sauti ikakauka. Sixbert aliomba radhi. Hakujua kwamba ziwani ni mwiko, alisema, kwao milimani maneno ni maneno tu.

"Nifute sasa hivi?" akauliza. "Ila simu zitanyamaza, mpenzi."

Asteria akavitazama viatu vya Eliza, vidole vimechungulia nje.

"Acha kwanza," akasema. "Mpaka mwisho wa mwezi."

Sixbert alikuwa mtu wa kahawa. Asteria alizaliwa ufukweni, na ufukweni kila mtoto anajua kwamba mvuvi aliye hai hasemwi kuwa ziwa limemchukua, hata kwa utani. Alijua, akaacha.

Mwezi haukuisha. Akina mama sita wa Songea, wateja wake wazuri, walichangishana mchele, sukari na khanga, wakashuka Liuli asubuhi kuhani msiba. Waliimba tangu kituoni mpaka uani kwa Mzee Raimundi, na hapo wakamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Aliyetangulia akaiangusha sinia ya mchele. Mzee akawakaribisha kwa heshima, akauliza nani amefariki. Wakamwonyesha kwenye simu.

Ilipofika mchana kijiji kizima kilikuwa kimesoma. Ilipofika jioni wenzake wanne walikuja, kofia mkononi, wakamweleza kwa upole kwamba hawawezi kupanda mtumbwi na mtu aliyekwisha kuliliwa. Miaka thelathini na moja aliyokaa majini ikaishia hapo. Nafasi yake akapewa Kilian, mtoto wa jirani.

Sixbert hakukimbia. Alishuka Liuli na mshenga, Mzee Pankras, amevaa koti jeusi la kuazima na raba zake zimesuguliwa, kuungama kosa na kumposa Asteria kwa pamoja.

"Shikamoo, baba."

Mzee Raimundi aliendelea kukunja nyavu ambazo hazikuwa na kazi tena.

"Maiti haiitikii salamu," akamwambia mshenga, bila kumtazama kijana. "Muulize mwenzako, amekuja kuposa kwa nani? Baba wa huyu binti amechukuliwa na ziwa. Ameandika mwenyewe, nchi nzima imesoma."

Jikoni wanawake wakacheka, kicheko kibaya kisichotaka kuisha. Mzee akamgeukia Asteria.

"Mwanangu, wewe uliyajua haya?"

Asteria akamtazama Sixbert. Sixbert akamtazama. Eliza alikuwa ameshika pindo la koti lile jeusi, anacheza nalo.

"Hapana, baba," Asteria akasema.

Kijana akamgeukia mzee.

"Hakujua, mzee," akasema. "Niliandika mimi, na niliyaacha mimi."

"Basi nendeni. Wafu hawasindikizi wageni."

Asteria alimwona akipanda njia ya kituoni, raba zimeshika vumbi jekundu. Hakumwita.

Alingoja simu ya Sixbert. Walipiga wa Njombe, walipiga wa Dodoma, yeye hakupiga. Wiki tatu baadaye Asteria aliyafuta maneno yale kwa mkono wake. Akaweka picha ya baba yake ameshika jembe kwenye shamba la muhogo, na chini akaandika: Huyu ni baba yangu Raimundi, yu hai. Uongo ule niliuona, nikauacha. Kabla ya kuyaweka mtandaoni alimsomea baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe akatoka, na kwa siku nne hakumwita "mwanangu".

Siku ya tano alimwita hivyo tena. Ndipo Asteria akapata nguvu, akabonyeza namba aliyoijua kwa kichwa.

"Karibu sana, tukusaidie nini?"

"Sixbert, ni mimi."

"Mimi nani, mama?"

"Asteria. Nimemwambia baba ukweli wote."

Upande wa pili Asteria alisikia honi za stendi, na mtu akiuliza bei ya kuchapisha.

"Hongera, mama," ile sauti ikasema, laini, ya kumpokea mtu wa mara ya kwanza. "Unahitaji tovuti, au unayo tayari?"

"Ninayo."

"Basi hakikisha namba yako iko juu. Wateja hawapendi kutafuta."

Eliza akamvuta kitenge, akauliza kama aliyepigiwa ni anko wa raba nyeupe.

"Hapana," Asteria akasema, akapiga magoti kumfunga kamba za viatu vyake vipya. "Ni mtu wa tovuti."