Kengele ya Jumapili

Simu ya Othman iliita Jumapili saa saba mchana, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Si kwamba simu kuita ni ajabu. Kengele ile aliiweka mwenyewe. Alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Kayanga, na kwenye chati ya bei ya dunia alikuwa amechora mistari miwili: mmoja wa mbio, unaofuata bei ya siku chache, na mwingine wa polepole, wa wastani wa majuma mengi. Wa mbio ukikata wa polepole kwenda juu, simu imwite. Lakini Jumapili soko limefungwa. Hakuna bei ya kupanda wala kushuka.

"Mume wangu, simu yako inakuita kuliko mimi," mkewe Kauthar alimtania. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka tisa ya kungoja na kuvumilia maneno ya mawifi.

"Mtandao tu huo," alisema Othman. Uongo mtupu, moyo ulikuwa umeshamruka.

Juma moja nyuma kengele hiyo iliita kweli, bei ikapanda, naye akashikwa na wazimu wa haraka. Kule Nyakasimbi alikuwa na shamba la butura, yaani kahawa aliyoinunua ikiwa bado mtini, kutoka kwa kijana aitwaye Deodatus. Akatuma wachumaji walimalize shamba zima kwa siku moja. Walipofika kwenye mbuni mmoja uliosimama karibu na mlango wa nyumba, wakasita, wakampigia. Ule hauchumwi na mgeni, walisema. Punje zake za kwanza huwekwa kando, si za kuuzwa.

"Kahawa ni kahawa," Othman aliwajibu. "Chumeni." Wazee wake walitoka Pangani, na miaka yote aliyokula chumvi ya Karagwe haikuwa imemfundisha kuuliza.

Sasa, Jumapili hiyo, alifungua chati akakuta mistari inatembea. Kauthar alikuwa amejilaza mkekani, usingizi umemchukua. Kifua chake kikapanda, na mstari wa polepole ukapanda. Kikashuka, nao ukashuka. Othman aliweka kiganja juu ya tumbo la mkewe. Mtoto akapiga teke, na mstari wa mbio ukaruka.

Chini ya chati, pale alipokuwa ameandika kwa vidole vyake mwenyewe "Wa mbio ukikata kwenda juu, niite," palisomeka: "Wa mbio ukikata kwenda chini, nitachukua."

Alifuta kengele, ikarudi. Alizima simu, ikaita ikiwa imezimwa. Harufu ya kahawa mbichi iliyochemshwa na majani, ile ya kutafuna wanayokaribishiwa wageni huku, ikajaa nyumba nzima ingawa jikoni hapakuwa na moto, na kila siku mstari wa mbio ukateremka kidogo kumfuata mwenzake, na kila ulipoteremka Kauthar alishika tumbo akasema kwa sauti ya chini, "Othman, tangu asubuhi hajacheza," hata siku ya nne mkunga akawaambia kwamba mapigo yapo lakini yanachoka, warudi kesho, na Othman akitazama ile nafasi iliyobaki kati ya mistari akajua kwamba kesho ni mbali mno.

Alipanda bodaboda mpaka Nyakasimbi. Mama yake Deodatus, bibi aitwaye Kokwijuka, alikuwa amekaa mlangoni. Mbuni ule ulikuwa pembeni yake, mtupu, matawi yamevunjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyechuma kwa mikono ya watu. Na huyu mwanangu aliuza bila kuniambia."

Othman alipiga magoti. "Nisamehe, bibi. Kahawa nitairudisha."

"Utairudishaje, mwana wange? Imeshaanikwa, imechanganyika na ya Isingiro na ya Bweranyange." Bibi aliutupia mti jicho, akapunguza sauti. "Mwenyewe wa hapa hana tamaa. Hula za kwanza tu. Wewe umezichukua za kwanza zake, naye amefuata ya kwanza yako."

"Mtoto wangu," alisema Othman. "Hafukuziki?"

"Nani amfukuze? Alikuwepo kabla ya mama mkwe wangu. Lakini huwa anakubali kubadilishiwa, mdogo kwa mkubwa."

"Mkubwa yupi?"

Kokwijuka alimtazama kwa huruma, kisha akaingia ndani.

Aliporudi Kayanga mistari ilikuwa imebakiza unywele kugusana, na Kauthar amelala kiubavu akimwita mtoto kwa kunong'ona. Sitasema Othman hakuogopa. Aliogopa mpaka meno yakagongana, akakaa sebuleni akalia kimya kimya asisikiwe, akawaza kukimbia, akawaza kuitupa simu mtoni, akawaza kwamba mtoto mwingine huenda angepatikana, akajichukia kwa kuliwaza hilo, na mwishowe akafungua kengele, akafuta maneno yaliyokuwepo, akaandika: "Mwache mtoto. Mchukue Othman."

"Nimekubali," simu iliandika.

"Amecheza!" Kauthar alipiga kelele chumbani. "Othman, njoo, amecheza!"

Mstari wa mbio ulikuwa umepaa juu. Chini yake mstari wa tatu ulikuwa umeanza kujichora, ukishuka taratibu.

Binti yao Mwanahalima alizaliwa baada ya miezi miwili, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Othman alimshika, akamrudisha kwa mama yake, na papo hapo akanyoosha tena mikono.

"Nipe."

"Si umemshika sasa hivi?" Kauthar alicheka. "Utamshika mpaka umchoke."

"Nipe tu, mke wangu."

Simu ilianza kuita mfukoni. Aliiacha iite, akamnusa mwanawe utosini.