Renita Akataa Kurudishwa Nyumbani

Renita alikuwa jikoni kwake, mjini Montgomery, Alabama, akikaanga mayai. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala begani. Alikuwa amejifungua wiki iliyopita. Mumewe, Lamont, alikuwa anavaa viatu aende kazini.

"Kichwa bado?" Lamont aliuliza.

"Bado kinagonga. Na macho yanaona vimulimuli. Jana hospitali walinipa dawa ya maumivu tu. Eti ni uchovu wa uzazi."

"Na miguu je? Imeumuka kama mikate."

"Wewe! Miguu yangu umeshaifanya kifungua kinywa?"

Walicheka. Lakini Renita alishika meza asianguke.

Jirani yao, Bi Odessa, aliingia na supu ya kuku. Alikuwa mkunga wa miaka mingi. Alimtazama Renita usoni, akaitua sufuria.

"Mwanangu, jana walikupima presha?"

"Hapana, Bi Odessa."

"Zima jiko. Tunaondoka."

"Si wameshasema sina kitu? Wataniona nadeka."

"Waache wakuone hivyo. Presha hupanda hata baada ya kujifungua, hata kama ujauzito ulikwenda vizuri. Kichwa kisichopoa, macho kuona ukungu, kuvimba, kupumua kwa shida, hizo ni dalili za hatari. Presha hiyo inaweza kuleta kifafa, hata kifo. Wanawake weusi wenzetu tumewazika, nao waliambiwa wamechoka tu. Ukifika, sema kwanza kwamba umejifungua karibuni. Na usiondoke mpaka upimwe."

Lamont aliwaendesha mpaka hospitali. Muuguzi wa mapokezi alimkumbuka Renita.

"Dada, si ulikuja jana? Nenda kapumzike."

Renita aliegemea meza ya mapokezi, akasema kwa sauti thabiti.

"Nimejifungua wiki iliyopita. Kichwa kinauma, macho hayaoni vizuri. Nipime presha sasa hivi. Kama hunipimi, niitie daktari aje aniambie kwa nini."

Lamont alisimama karibu yake, mtoto mikononi. "Umemsikia mke wangu."

Muuguzi alimfunga kipimo mkononi. Alipoona namba, alikimbia kumwita daktari. Mara Renita akawa kitandani, dawa ikiingia kwenye mshipa.

"Umewahi," daktari alisema. "Ungechelewa kidogo, ungepata kifafa."

"Nilikuja jana."

Daktari aliinamisha macho. "Kweli. Tulikosea."

Renita alipona. Alirudi nyumbani na kipimo chake mwenyewe cha presha, na kila asubuhi Lamont alimwita, "Mama, leta mkono!"

Lakini hakuishia hapo. Aliwaeleza wanawake wa kanisani yaliyompata. Kumbe wengi nao walikuwa wamerudishwa nyumbani. Wakaenda pamoja kwa wakuu wa hospitali, wakasema mmoja mmoja, wala hawakukubali kuondoka na ahadi za mdomo. Utaratibu ukabadilishwa. Sasa kila mwanamke anayefika pale anaulizwa kwanza kama amejifungua karibuni, na akisema ndiyo, anapimwa presha papo hapo.

Siku moja simu ya Renita iliita. Alikuwa Jerusha, binti wa kanisani aliyekuwa amejifungua mapacha karibuni.

"Dada Renita, nimekuja hospitali, kichwa kinauma. Wamenipima hata kabla sijakaa!"

Renita alipiga kelele za furaha mpaka mtoto akaamka.